Mkebe wa Kumi na Moja

Kila siku saa moja kamili asubuhi, kabla chai yake haijapoa, Mikebe alikuwa akiingia maabara, akivua viatu vya matope mlangoni, akivaa kandambili, kisha akipita mbele ya mikebe yake na kuitazama mmoja mmoja kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Jina hilo alibandikwa hapo hapo kambini kwa sababu ya kazi yenyewe. Lile alilopewa na wazazi lilikuwa zuri tu, lakini siku ya kwanza alilitamka kwa sauti ya chini mno, hakuna aliyelisikia, naye hakuwa mtu wa kurudia.

Maabara ilikuwa kontena la bati lililotobolewa madirisha mawili. Ndani palikuwa na meza ndefu, kabati la fomu, na hodhi la maji vuguvugu ambamo mikebe kumi ya chuma ilisimama maji yakiifika shingoni. Ndani ya kila mkebe mlifungwa mche wa makaa ya mawe, mnene kama mkono wa mtu mzima, uliochorongwa kwa bomba la kutobolea miamba kutoka mamia ya mita chini ya ardhi. Makaa yakiwa huko chini hushika gesi kama nguo inavyoshika maji, na uzito wa yote yaliyo juu yake huizuia isitoke. Yakipandishwa, gesi huanza kuponyoka. Kazi ya Mikebe ilikuwa kuikamata na kuipima. Anafungua koki, gesi inapita kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye silinda ya kioo iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, gesi ikiingia, maji yanashuka, anasoma mstari, anaandika, anafunga. Kuanzia mkebe wa kwanza hadi wa kumi haikumchukua nusu saa, maana mikebe hiyo haikuwa na la kusema. Ilitoa kigesi kiduchu, kama mtoto anayepumua usingizini.

Asubuhi hiyo kulikuwa na wa kumi na moja. Ulikuwa umefungwa jana mchana kwenye mtambo wa kuchoronga, lakini mvua ikakata barabara, na pikapu ikauleta alfajiri. Mikebe aliuunganisha na mpira, akafungua koki huku mkono wa pili ukitafuta kalamu. Kalamu hakuipata. Maji ndani ya silinda yaliporomoka, yakapita mstari wa kati, yakapita mstari wa mwisho. Mapovu yakachomoka chini ya kioo, beseni likafurika, na maji yakammwagikia miguuni. Alifunga koki, akabaki ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyemkamata mwizi na hajui amfanye nini.

Akaitoa ile silinda kubwa ambayo haikuwahi kutoka kwenye boksi lake. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja. Hapakuvuja. Akapima, akasubiri robo saa, akapima tena. Kufikia saa nne, mkebe ule mmoja ulikuwa umetoa gesi nyingi kuliko mikebe yote kumi kwa wiki saba.

Alikwenda kumwambia Daktari.

Daktari alikuwa mkuu wa mradi, mama wa miaka hamsini na ushee, daktari wa mawe ambaye hajawahi kutibu hata mafua. Miezi ya mwanzo mpishi wa kambi alimpelekea jino linalouma. Alilitazama kwa makini, akasema lina nyufa mbili, moja ya zamani na moja ya juzi, akamrudisha jikoni na kidonge cha kichwa. Ofisini kwake, ukutani, ilitundikwa ramani iliyojaa rangi pembeni na doa jeupe kubwa katikati. Jeupe hilo ndilo lilikuwa bonde lao. Si bonde la kuonekana kwa macho. Juu yake leo kulikuwa na mashamba, shule na vituo vya basi. Lilikuwa beseni la kale, ambalo mito iliyokwisha kufa ililijaza mchanga na tope na misitu iliyooza, tabaka juu ya tabaka, mpaka likasawazika na ardhi. Watu wa zamani walilitoboa mara nne tu, wakitafuta maji. Walipokutana na makaa walinung'unika, wakaendelea. Daktari alikuwa amelibembeleza jeupe hilo kwa miaka ishirini. “Jeupe maana yake si tupu,” alizoea kusema. “Maana yake hakuna aliyeuliza.”

Sasa walikuwa wameuliza, na jibu lilikuwa mezani kwake: ripoti ya kurasa arobaini iliyosema kwamba makaa yapo lakini hayana gesi ya maana, na kwamba bonde lirudishwe serikalini. Ilikuwa Jumatano. Ripoti ilitakiwa ofisi kuu Ijumaa. Shimo la mwisho, lile lililotoa mkebe wa kumi na moja, lilikuwa na tabaka moja zaidi la makaa, ambalo wachorongaji wangelifikia kesho asubuhi. Kila mtu alilihesabu kama utaratibu tu, kama kuvuta mlango ulioufunga tayari ili kuhakikisha.

Alimsikiliza Mikebe, akaja mwenyewe maabara, akaangalia maji yakishuka. Kwa kitambo uso wake ulikuwa wa msichana. Kisha akaurudisha ule wa kikazi.

Alisema mkebe ulilala njiani kwenye baridi, koki inaweza kuwa ilinyonya hewa. Alisema mikebe kumi inasema hivi na mmoja unasema vile, na hakimu mwenye akili anajua amwamini nani. Alisema, na hapo alikuwa anajisemea mwenyewe, kwamba jibu analolitamani ndilo analolishuku kuliko yote, kwa sababu limeshamdanganya mara mbili maishani.

“Nitaufuta kwenye jedwali,” alimaliza. “Usiniletee mapovu, mwanangu. Niletee sababu. Kwa nini huu na si ile kumi?”

Mikebe akabaki na swali hilo, na hakukaa nalo sana. Saa sita Spana alifika kuchukua mkebe mtupu wa kesho. Spana alikuwa msaidizi wa kwanza kwenye mtambo, pande la mtu, mwenye mikono kama makoleo na moyo kama mkate. Alipenda kuongea, na kwa kuwa Mikebe alipenda kunyamaza, walielewana vizuri. Safari hii Mikebe ndiye aliyeuliza: jana, wakati wa kufunga ule mkebe, kulikuwa na kitu gani tofauti?

Spana alicheka. Tofauti ilikuwa aibu tupu, alisema, na asimwambie mtu. Mvua iliwashukia ghafla na radi juu yake, bomba la makaa likiwa ndiyo kwanza limetoka shimoni. Wakayatumbukiza makaa mkebeni vile vile na matope yake, wakakaza mfuniko, wakakimbilia kwenye gari. Fundi mkuu alinuna mpaka jioni.

“Na siku nyingine mnafanyaje?”

“Siku nyingine tunafanya kazi ya kistaarabu,” Spana alisema, akatunisha kifua. Mche ukitoka unalazwa kwenye trei. Unaoshwa kwa mpira wa maji, unasuguliwa kwa brashi, vipande vinaunganishwa kimoja kwa kimoja mpaka usione palipovunjika, unapigwa mistari ya chaki, unapigwa picha, unapumzishwa ukauke. Ndipo fundi anaangalia saa yake, anasema haya, na wao wanaufunga mkebe kabla dakika kumi hazijapita, kama fomu inavyotaka. Hawajawahi kuzidisha hata dakika moja.

“Na hiyo ya kuosha na kupanga, inachukua muda gani?”

“Inategemea. Saa moja. Fundi akiwa na furaha, saa moja na nusu.”

Mikebe alikaa kwenye kiti. Makaa ya bonde hili yalikuwa mepesi kuvunjika, yenye nyufa kama ngozi ya kisigino. Kwa saa moja na nusu juani, huku yanasuguliwa, yalikuwa yametoa karibu yote yaliyokuwa nayo. Yeye alikuwa anapima soda iliyoachwa wazi tangu asubuhi, kisha anaandika kwamba kiwanda hakiweki gesi. Na hesabu yake ya kukadiria gesi iliyopotea njiani ilianzia kwenye saa iliyoandikwa kwenye fomu, saa ya uongo ambayo hakuna aliyekusudia kudanganya.

Sababu aliyotakiwa kuileta alikuwa nayo. Ila ilikuwa na uso, na uso huo ulikuwa wa mjomba wake.

Fundi mkuu wa mtambo, aliyeitwa Sindano kwa jinsi mashimo yake yalivyonyooka, alikuwa kaka wa mama yake, tumbo moja. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, yeye akiwa darasa la pili. Ndiye aliyemsindikiza chuoni na sanduku kichwani, na ndiye aliyemwambia Daktari kwamba nyumbani kuna binti anayejua kupima. Alikuwa amechoronga dhahabu miaka thelathini, na kwenye dhahabu fundi hujulikana kwa trei zake. Jiwe halihesabiwi kuwa limetoka mpaka limeoshwa na kupangwa. Kumwonyesha mtaalamu jiwe lenye matope ni sawa na kumkaribisha mgeni kwenye kitanda kisichotandikwa. Dhahabu haina haraka. Unaweza kuiosha mwaka mzima isiende popote.

Na kulikuwa na jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Mikebe alifungua kabati, akatoa fomu zote kumi na moja, akazipanga mezani. Chini ya kila fomu palikuwa na mstari uliosema: *Mpimaji aliyeshuhudia mche ukitoka na mkebe ukifungwa.* Juu ya kila mstari palikuwa na sahihi yake, nzuri, ya mviringo. Naye hakuwahi kushuhudia hata mkebe mmoja. Wiki ya kwanza waya wa kuvutia mabomba ulikatika kwenye mtambo, ukachapa hewani hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama, na mjomba akasema hapo si mahali pa mtoto wa dada yake. Fomu zitamfikia maabara. Zilimfikia. Yeye alisaini, kwa sababu kukataa kungetaka maneno.

Saa kumi na moja jioni alimfuata mjomba kwenye karakana. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anapaka grisi kwenye nyuzi za mabomba, pale yanapokazwa moja kwa jingine, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Mikebe alimwamkia. Mjomba aliitikia bila kuinua macho, akamuuliza kama mikebe yake imezaa au bado inatunga mimba.

Alijaribu. Alisema mkebe wa kumi na moja umetoa gesi nyingi. Mjomba akasema ule wa matope? Basi hiyo ni gesi ya matope. Alisema Daktari anatafuta sababu. Mjomba akasema ofisi kuu wakilitupa bonde, walitupe, lakini asije mtu kusema shimo la Sindano lilipinda. Kisha akajifuta mikono, akatoa simu, na kumwonyesha picha za trei zote, moja baada ya nyingine: makaa meusi yaking'aa, vipande vimeunganishwa kama havikuwahi kuvunjika, mistari ya chaki nyeupe imenyooka.

“Angalia hii,” alisema, na sauti yake ikalainika. “Unaweza kulia chakula juu yake.”

Mikebe aliangalia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuiona, na kila picha ilionyesha saa moja ya gesi ikienda zake angani. Akasema amekuja kumsalimu tu. Mjomba akamwambia ale vizuri, anakonda.

Alipofika chumbani alimpigia mama yake. Hakumweleza habari za gesi na silinda. Alimwambia tu kuna jambo ambalo mjomba amelikosea bila kujua, na yeye amelitilia sahihi. Upande wa pili wa simu kulikuwa na sauti ya sufuria likifunikwa.

“Kaka yangu namjua,” mama alisema. “Ukimwambia ukweli, atanuna siku tatu. Usipomwambia, utanuna wewe maisha yako yote. Chagua wa kununa.”

Alhamisi alfajiri Spana alimkuta Mikebe ameshakaa ndani ya pikapu, amevaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa na kupakata mkebe wa kumi na mbili. Spana alimtazama, akatazama barabara, akatazama tena. Alisema fundi atawachinja wote wawili. Mikebe akafunga mkanda.

Walipofika mtambo ulikuwa unanguruma. Sindano alimwona kutoka mbali na kuuliza kwa sauti, si yeye bali wale wengine, ni nani aliyemleta. Hakuna aliyejibu. Alimwonyesha kamba ya njano kwa kidole, kama unavyomwonyesha mbuzi mpaka wa shamba, na Mikebe akasimama nyuma yake. Alikuwa ameandika maneno yake kwenye karatasi, mistari mitatu, na karatasi ilikuwa mfukoni; alipoipapasa akakuta jasho limeshaigeuza uji.

Saa mbili na dakika kumi waya ulianza kuvuta. Bomba lilipotokeza, Mikebe akabonyeza saa yake. Wanaume wawili walilipokea, wakalilaza, wakaligonga taratibu kwa nyundo ya mpira, na makaa yakateleza kwenye trei, meusi, yanachuruzika maji. Hapo ndipo alipoyasikia. Hakuna kitabu kilichomwambia kwamba yanasikika. Juu ya ngozi ya mche mzima vipovu vidogo vilikuwa vinapasuka, maelfu, sauti yake kama mvua ya mbali juu ya majani. Alielewa kwamba hayo yote yalikuwa yanaondoka.

“Maji,” alisema Sindano.

Spana akainua mpira wa maji.

Mikebe aliruka kamba. Angesimama kutafuta neno, dakika zingeisha. Alisimama mbele ya trei, na maji yaliyotoka kwa nguvu yakamkuta kifuani, yakamrusha kofia, yakamlowesha chapachapa. Spana alishtuka, akauelekeza mpira juu, akawanyeshea wenzake. Mikebe alikwisha kupiga magoti. Aliyabeba makaa kwa mikono yote miwili, yenye matope yale yale, akayaingiza mkebeni kipande kwa kipande bila kujali kipi kinafuata kipi, akajaza maji nafasi iliyobaki juu, akaweka mfuniko, akaanza kukaza boliti. Mkono uliteleza. Bila kuulizwa, Spana akaweka chini mpira wa maji na kukaza zilizobaki kwa yale makoleo yake.

Dakika tano na sekunde arobaini.

Mtambo ulikuwa umezimwa. Sindano alikuwa amemsimamia Mikebe, na hakupiga kelele, jambo lililokuwa baya zaidi.

“Miaka thelathini,” alisema, “hakuna mtu aliyenishikia jiwe langu. Umenivua nguo mbele ya watu wangu. Ondoka.”

Mikebe hakuondoka. Alibaki amekaa chini, anatetemeka kwa baridi, ameukumbatia mkebe. Mikono yake peke yake ndiyo iliyokwisha kusema.

Gari la Daktari lilifika wakiwa hivyo. Alikuja kushuhudia shimo la mwisho, akiwa na ripoti yake kwenye bahasha, tayari kuituma mchana. Aliwaona wanaume waliolowa, fundi aliyegeuza mgongo, na msichana aliyepakaa makaa mpaka kwenye nyusi. Mikebe alipachika mpira kwenye silinda ndogo ya mkononi aliyokuja nayo na kufungua koki. Maji yakaanza kushuka. Daktari alichuchumaa, akaangalia mstari wa kwanza ukipita, wa pili, wa tano. Safari hii mkebe haukuwa umelala popote, na koki aliifungua mbele ya macho yake.

“Dakika ngapi?” aliuliza.

Spana akajibu kwamba hazikufika sita.

“Na ile kumi?”

Hapo Sindano aligeuka. Alisema ile kumi aliifanya yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na ilikuwa safi, si vurugu kama hii. Dakika kumi, hazikuzidi, zimeandikwa. Aliyasema kifua mbele, na Mikebe akaona jambo lililomuuma kuliko hasira: mjomba wake alikuwa anajifunga kamba shingoni mwenyewe na anaona ni tai. Mikebe angenyamaza, ingeishia hapo. Daktari angewauliza wachorongaji, angefukuza fundi mmoja mzee, na sahihi za mviringo zingebaki nzuri kama zilivyo.

Daktari alikuwa ameshatoa fomu ya kumi na mbili. Alimwangalia Mikebe. “Wewe ndiye shahidi. Makaa ya ile kumi yalifungwa ndani ya dakika kumi tangu yatoke shimoni?”

“Sijui,” Mikebe alisema.

“Sema usikike.”

“Sijui, kwa sababu sikuwepo.” Sauti ilitoka ndogo, akaisukuma. “Sikuwepo hata siku moja. Nimesaini mara kumi na moja kwamba nimeona, na sikuona. Yalikaa nje saa moja, mengine saa na nusu, yakioshwa. Fundi hakujua kwamba gesi inatoka wakati huo. Hakuna aliyemwambia. Wa kumwambia nilikuwa mimi, ndiyo kazi niliyosomea, na niliogopa. Kwa hiyo ile kumi haijui kitu, Daktari. Ya kufutwa ni hiyo.”

Daktari akaichukua ile bahasha, akaikunja katikati, akaitia kwenye mfuko wa koti. Alisema mikebe miwili si bonde, na asije mtu akaanza kushangilia. Alisema ataiomba ofisi kuu mashimo mawili mapya, ubavuni mwa yale ya zamani, na ili wakubali itabidi awaambie sababu yote, pamoja na habari za sahihi. Hawatafurahi. Huenda wakataka mpimaji mwingine.

“Watanipigia simu mchana huu, na watataka kukusikia wewe. Utajibu?”

Mikebe akatikisa kichwa kukubali.

“Kichwa hakisikiki kwenye simu.”

“Nitajibu,” alisema Mikebe.

Daktari alirudi garini kutafuta mtandao. Wachorongaji wakaanza kukusanya vyombo kwa adabu ya msibani. Sindano alibaki pale pale, anaangalia trei yake tupu yenye madoa ya matope. Alionekana amezeeka kwa saa moja. Alichukua brashi, akaitazama kama kitu alichoazimwa, akaiweka.

“Yote kumi,” alisema hatimaye.

“Yote, mjomba.”

“Nilikuwa nayaosha yaonekane vizuri. Kwa ajili yako. Ili usije ukaambiwa mjomba wako anakuletea uchafu.”

Mikebe alijua angeweza kulia sasa, na kwamba akilia mjomba atamfariji, na jambo lenyewe litafunikwa kwa huruma kama yalivyofunikwa mengine. Akajikaza. Akasimama, nguo zikichuruzika, akamkaribia mpaka akalazimika kuinua uso kumtazama.

“Kwa hiyo mnataka nifanyeje?” Sindano aliuliza, nusu kwa uchungu na nusu kwa dhihaka. “Hayo mashimo mawili, nikae pembeni? Nishike mwavuli?”

“Hapana. Chimba wewe, hakuna anayejua kuchimba kama wewe, na mawe mengine yote osha mpaka yang'ae. Lakini makaa yakifika juu, mjomba, usiyaguse mpaka nikuambie. Hapo mkubwa ni mimi.”